Utafiti wa vidonda vya upasuaji ukiwa bado unajifunza: anza na swabu, kompyuta baadaye

Wanaosomea upasuaji huwa wananiuliza swali lilelile, "nifanye utafiti gani ambao kweli nitaumaliza?" na mimi nina jibu lilelile, fanya wa maambukizi ya kidonda baada ya upasuaji. Wagonjwa unao, wodi unayo, maabara ipo, na ugonjwa wenyewe haujifichi, kidonda kikitunga usaha hata jirani wa kitanda cha pili anajua. Kinachowaangusha watu sio akili wala hesabu, ni vitu vidogo vya mikono na miguu: swabu (kijiti chenye pamba cha kuchukulia sampuli) iliyopakwa juu ya usaha uliokauka tangu jana, mgonjwa aliyeruhusiwa siku ya nne na hakuna aliyempigia tena, fomu iliyojazwa wiki mbili baadaye kwa kukumbukakumbuka. Ukishafika huko hakuna programu ya takwimu itakayokuokoa, kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye swabu na ufuatiliaji, hesabu tutazipitia mbiombio.

Kwanza swali lako liingie kwenye sentensi moja. Mfano: kati ya wagonjwa waliofunguliwa tumbo, wangapi wanapata maambukizi ya kidonda ndani ya siku 30, ni bakteria gani, na wanasikia dawa gani, yaani dawa zipi zinawaua? Basi. Ukianza kuongeza na lishe, na sukari, na gharama, na maoni ya manesi, na muda wa kukaa wodini, hiyo sio utafiti mmoja tena ni mitano, na wewe una zamu za usiku.

Halafu kabla hujamgusa mgonjwa yeyote kaa chini uamue "maambukizi" ni nini. Wengi wanaruka hapa, wanasema aah usaha si usaha tu. Hapana. Tumia tafsiri za CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ndo zinazotumika sehemu nyingi duniani na utaweza kulinganisha namba zako na za wengine. Zinagawa mara tatu: ya juu (ngozi na mafuta ya chini yake), ya ndani (misuli na utando wake), na ya kiungo au uwazi wa ndani, yaani jipu lililojificha tumboni huku mshono juu unang'aa. Siku ni 30 kuanzia siku ya upasuaji, isipokuwa kwa upasuaji fulani kama wa henia, titi, au kuweka kiungo bandia cha nyonga, hapo maambukizi ya ndani na ya kiungo yanafuatiliwa mpaka siku 90, ila ya juu yanabaki 30 kwa wote. Na angalia mtego huu, kale kausaha kadogo kanakotoka kwenye tundu la uzi tu peke yake hakahesabiwi, wekundu wa ngozi peke yake nao hautoshi. Nimeona mtu amehesabu kila wekundu, asilimia yake ikatoka ya kutisha, msimamizi akamrudisha mwanzo kabisa.

Idadi ya wagonjwa. Hapa watu wanaogopa bure. Kama unategemea karibu 10% watapata maambukizi na unataka kosa lisizidi 5% juu au chini, kwa uhakika wa 95%, unachukua 1.96 mara 1.96, zidisha kwa 0.1, zidisha kwa 0.9, gawa kwa 0.05 mara 0.05, inakuja 138 na kidogo, sema 139. Halafu kuna watakaopotea njiani, ukikadiria mmoja kati ya kumi gawa 139 kwa 0.9 unapata 155. Ndo hiyo tu. Sasa ukitaka kulinganisha makundi mawili hesabu inabadilika na namba inapanda sana, hapo mtafute mtu wa takwimu mapema, usimfuate ukiwa na eksel imejaa ukamwambia "nisaidie kupata p", ile namba ya kupima kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu.

Kamati ya maadili usiione kama adui. Barua yake inachukua muda kwa hiyo peleka mapema, na wakati unasubiri jaribu fomu yako kwa kuipitia kichwani wodini bila kukusanya chochote. Ridhaa ichukuliwe kabla ya upasuaji, mtu akiwa na akili zake, sio akiwa anaamka kwenye usingizi wa dawa au akiwa anagugumia kwa maumivu mapokezi. Kwa wa dharura iulize kamati yenyewe inataka ufanyeje, usijiamulie. Na mgonjwa ajue kabisa kwamba akikataa kidonda chake kitasafishwa vilevile, tena mwambie mwenyewe kwa mdomo, usimwachie karatasi. Karatasi yenyewe wengi hawaisomi, wanakuangalia uso.

Sasa fomu. Iwe ukurasa mmoja, pande mbili mwisho. Umri, sukari, uvutaji, daraja la ASA (kipimo cha hali ya afya ya mgonjwa kabla ya usingizi wa dawa), upasuaji gani, wa kupangwa au wa dharura, saa ya kuanza na kumaliza, na usafi wa kidonda katika yale madaraja manne: safi, safi kiasi (utumbo au njia ya mkojo imefunguliwa kwa utaratibu), kilichochafuliwa, na kichafu chenye usaha au utumbo uliotoboka tayari. Hili daraja la usafi lijazwe na aliyefanya upasuaji siku hiyohiyo kabla hajavua gauni, manake kesho kila kidonda kinakuwa "safi kiasi".

Antibayotiki ya kinga ndo nataka uandike dakika. Sio tiki ya "amepewa". Mwongozo wa WHO wa 2016 unasema itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kukata, huku ukiangalia dawa yenyewe inakaa muda gani mwilini, na upasuaji ukiisha isiendelezwe kwa ajili ya kinga. Mara ya kwanza nilipofanya kazi kama hii fomu yangu ilikuwa na kisanduku cha ndiyo na hapana, karibu wote wakatoka ndiyo, nikafurahi, kumbe nilipoenda kuchungulia karatasi za mtu wa usingizi nikakuta baadhi walichomwa wakati tumbo liko wazi tayari. Tiki ilikuwa kweli, kinga haikuwepo. Kwa hiyo nakili saa ya sindano na saa ya kisu kutoka kwenye karatasi ya usingizi, usiulize mtu mdomoni. Andika pia kama nywele zilinyolewa kwa wembe (WHO wanasema wembe hapana, kama ni lazima zipunguzwe kwa mashine), ngozi ilisafishwa kwa nini, na kama upasuaji ulivuka saa 4 dozi ya antibayotiki ya sefazolini ilirudiwa au la.

Kuna suala moja la mafunzo ambalo lazima nilisemee kwa sababu linaumiza watu. Utajaribiwa kuweka safu ya "nani alifanya upasuaji", mwanafunzi au bingwa, halafu ulinganishe. Weka, ni swali zuri, ila kaa ukijua nani anafanya nini. Usiku wa manane kikija kidole tumbo kilichopasuka anafanya nani? Mwanafunzi. Uvimbe uliopangwa mwezi mzima saa mbili asubuhi anafanya nani? Bingwa. Sasa ukilinganisha bila kuangalia uchafu wa kidonda na udharura utapata kwamba wanaojifunza wanaambukiza watu, utaichapisha, na itakuwa uongo uliovaa suti ya takwimu. Inaweza pia kwenda upande wa pili, bingwa anabaki na zile ngumu zinazochukua saa sita, naye akaonekana mbaya. Linganisha vichafu kwa vichafu na safi kwa safi, na andika nani alisimamia na nani hasa alishona ngozi, manake mara nyingi bingwa anaondoka tumbo likishafungwa ndani na ngozi anaachiwa mdogo kuliko wote pale mezani. Kama unataka kupima ujuzi wenyewe tumia kipimo kilichopo kama OSATS, cha kupima ujuzi wa mikono wa mpasuaji, kilitengenezwa Toronto miaka ya 1990, usibuni maksi zako.

Haya tufike kwenye swabu.

Kidonda kikavu hakichukuliwi swabu. Narudia, mshono mkavu usio na dalili usiuguse, ngozi ya kila mtu ina bakteria wake, utapata stafilokoko wa ngozini halafu utawaita ugonjwa. Unachukua pale kidonda kimetimiza masharti uliyoandika: usaha, au maumivu na uvimbe na joto mpaka ikabidi kifunguliwe. Ukiweza kupata usaha kwa sindano au kipande cha nyama ya ndani chukua hicho, ni bora kuliko swabu siku zote, na kwa bakteria wasiotaka hewa ni karibu lazima.

Kama ni swabu fanya hivi. Waambie manesi wasubiri kabla ya kupaka dawa yoyote ya kidonda asubuhi hiyo, mwombe mgonjwa radhi mapema kwamba itauma kidogo. Toa bandeji, mwaga nomosalaini (maji ya chumvi ya hospitali) isiyo na vijidudu, osha ule usaha wa juu mpaka uone nyama. Hapa kila mwanafunzi ananishangaa, "dokta si unaosha ushahidi?" Hapana, ule wa juu umeshakaa kwenye bandeji na umechanganyika na kila kitu, wewe unamtaka aliye ndani ya nyama. Usitumie spiriti wala iodini kuoshea, utaua unaowatafuta. Tafuta sehemu ya nyama iliyo hai kidogo, sio ya kijivu iliyokufa na sio ukingo wa ngozi, kama sentimita moja ya mraba, kandamiza swabu pale mpaka umajimaji utoke, zungusha kwa sekunde tano. Hiyo inaitwa njia ya Levine. Ukiipitisha tu juu kama unapaka rangi ukuta hujachukua kitu. Chukua mbili, moja ya kuotesha na moja ya kupaka kwenye kioo, tumbukiza ya kuotesha kwenye chupa ya Amies (yenye jeli ya kuwaweka bakteria hai njiani), andika namba ya utafiti, sehemu, siku na saa hapohapo kitandani. Hapohapo! Chupa zisizo na jina zikishakuwa tatu mfukoni zinafanana kama mapacha.

Na andika kama mgonjwa yuko kwenye antibayotiki sasa hivi, tangu lini. Kalcha (jibu la kuotesha) ikirudi haijaota kitu na mtu yuko siku ya tatu ya antibayotiki ya seftriaksoni, hiyo sio kwamba hana bakteria.

Ipeleke mwenyewe. Ndani ya saa mbili ndo vizuri, kwenye Amies inavumilia mpaka saa 24 kwenye joto la kawaida la chumba, lakini usiifanye kuwa mazoea. Mimi Ijumaa moja niliacha swabu nne kwa mhudumu, nikapanda kulala, Jumatatu nikazikuta dirishani kwa karani zinapigwa na jua. Nne hizo nilizitupa na nikaandika kwamba nimezitupa, sikuzipeleka kuoteshwa "tujaribu tu", kwa sababu kinachoota hapo ni yule mkorofi anayekua haraka, aliyeleta ugonjwa mwanzo ameshakufa.

Ukifika maabara kaa. Kweli, kaa hata asubuhi mbili tatu, mtaalamu wa maabara ndo nusu ya utafiti wako na jina lake liwe kwenye makala, sio kwenye shukrani chini kule. Mwombe akuonyeshe kioo cha Gram, yaani sampuli iliyopakwa rangi ili bakteria waonekane kwa hadubini. Rangi ya zambarau, iodini, spiriti, rangi nyekundu, mbinu ya tangu 1884 na bado inakupa jibu ndani ya dakika kumi: ukiona seli nyingi za usaha sampuli yako ni nzuri, ukiona seli bapa za ngozi zimejaa na usaha hakuna, ulipaka ngozi, rudi wodini. Hicho kioo ndo mwalimu wako wa swabu, hakuna mwingine.

Kuotesha kwa kawaida ni kwenye agari (jeli ya kulishia bakteria) ya damu na ya MacConkey, nyuzi 35 mpaka 37, unaangalia baada ya saa 18 hadi 24 na tena saa 48. Halafu usikivu wa dawa kwa diski (vikaratasi vya duara vyenye antibayotiki), mbinu ya Kirby na Bauer: koloni zinachanganywa kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ufanane na McFarland 0.5 (chupa ya kulinganishia ukungu), inapakwa kwenye agari ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4, diski zinawekwa ndani ya dakika 15, asubuhi unapima kwa milimita duara la pasipoota bakteria kuzunguka diski. Sasa haya maelezo yanachosha lakini ndo yanayoharibu data. Ukungu ukiwa mzito duara zinakuwa ndogo na kila kitu kinaonekana sugu, agari ikiwa nyembamba duara zinapanuka na kila kitu kinaonekana kinasikia dawa. Diski zilizotoka kwenye friji ziachwe zipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa, zikinyonya unyevu zimekwisha. Uliza bakteria wa kulinganishia wanapimwa lini, E. coli ATCC 25922 na S. aureus ATCC 25923 ndo wa kawaida, wale duara zao zinajulikana, zikitoka nje ya kiwango majibu ya wiki hiyo yote yana shaka. Na chagua jedwali moja tu la kusomea vipimo vya duara, la CLSI (Marekani) au EUCAST (Ulaya), andika na mwaka wa toleo, usichanganye.

Majibu yakirudi yasome kwa jicho la mtu aliyekuwepo. Kuna njia rahisi ya kukamata makosa: Klebsiella kwa asili hasikii ampisilini. Sasa ukikuta kwenye karatasi yako Klebsiella kadhaa "wanasikia" ampisilini, ama jina la bakteria limekosewa ama kipimo, nenda kaulize kabla hujaendelea. Stafilokoko aureus anapimwa kwa diski ya sefoksitini, hiyo ndo inakuambia kama ni MRSA, yaani aureus aliye sugu kwa methisilini. Stafilokoko wengine wa ngozini wakitoka kwenye sampuli moja tu, wachache, na kioo hakina usaha, usikimbilie kuwaita wahusika, lakini kwa mgonjwa aliyewekewa chuma au wavu ndani ya mwili usiwadharau pia. Mgonjwa mmoja akiwa na sampuli tatu za bakteria yuleyule hesabu ya kwanza tu, la sivyo mgonjwa mmoja mbishi atapandisha usugu wa wodi nzima. Na kama aina fulani ya bakteria una chini ya 30 usiandike asilimia, andika "7 kati ya 11" watu wajionee.

Kitu kingine, jibu likifika lifike kwa mgonjwa kwanza. Usilifungie kwenye eksel. Na usugu wa kwenye karatasi sio amri ya kumwandikia dawa, kidonda cha juu mara nyingi kinatibika kwa kufunguliwa na kusafishwa vizuri, antibayotiki zinakuja kama ngozi inazidi kuwa nyekundu au mtu ana homa na maambukizi yameenea mwilini. Homa ya siku ya kwanza au ya pili baada ya upasuaji mara nyingi sio kidonda, ni mwili unalalamika tu, ila fungua bandeji uangalie, kwa sababu bakteria kama streptokoko na klostridia hawasubiri siku ya tano, wakija wanakuja mapema na wanaua.

Kufuatilia. Hapa ndo utafiti wa wengi unafia. Mgonjwa anakaa wodini siku tatu nne, usaha wa kidonda mara nyingi unajitokeza kuanzia siku ya tano au ya saba, kwa hiyo ukiwahesabu waliougulia wodini tu umekosa sehemu kubwa. Chukua namba mbili za simu, ya kwake na ya mtu anayeishi naye, na zijaribu kuzipiga hapohapo kabla hajaondoka. Piga siku ya 7, 14 na 30, na uwe na maswali yaleyale yameandikwa, kwa sababu ukiuliza "unaendeleaje?" utajibiwa "tunamshukuru Mungu" na mtu ana kidonda kimeachia. Mimi naenda hivi: "Shikamoo mama. Nguo ya ndani au shuka inalowana pale kwenye mshono? Inalowana rangi gani? Ina harufu? Kuna mahali pamefunguka kidole kinaweza kuingia? Kuna mtu alikupa dawa nyingine?" Mama mmoja alinijibu yote hapana, hapana, hapana, nikiwa nataka kukata simu akasema "ila dokta mjukuu wangu hataki tena kulala na mimi, anasema nanuka." Nikamwambia aje kesho yake. Lilikuwa jipu la ndani.

Ukisikia dalili mlete aonwe kwa macho, simu inakuonyesha pa kutazama tu. Picha za simu zinasaidia ila zihifadhi bila sura wala jina, na sio kwenye magrupu. Na mtu wa pili akague baadhi ya vidonda bila kujua wewe umesemaje, kisha mpime mnakubaliana kiasi gani kwa kappa, kipimo cha takwimu cha kukubaliana. Kama wewe na mwenzako hamkubaliani usaha ni upi, msomaji atakubaliana na nani?

Hesabu sasa, haraka. Toa asilimia na mipaka yake ya 95%, kwa ujumla na kwa kila daraja la usafi. Linganisha vihatarishi vichache ulivyovipanga mwanzo, sio vyote 40 vilivyo kwenye fomu, ukipima 40 viwili vitatoka "muhimu" kwa bahati nasibu tu. Kama waliopata maambukizi ni 15 usiweke vigezo kumi kwenye modeli moja ya takwimu, haibebi. Waliopotea waseme wazi ni wangapi na walikuwa watu wa aina gani. Wakati wa kuandika fuata orodha ya STROBE (ya mambo ya kuripoti kwenye utafiti wa kuangalia tu), na zile swabu zilizopigwa jua zitaje.

Mwisho usiruhusu bakteria wako watupwe baada ya majibu. Mwombe mtu wa maabara awahifadhi kwenye gliserini nyuzi hasi 80, kichupa kimoja kwa kila mgonjwa, andika namba ya utafiti kwa kalamu isiyofutwa na barafu, tena pembeni ya kichupa na sio kwenye kifuniko peke yake, manake vifuniko vinabadilishana.